Mali ya Mtoto

Nyumba niliyokulia huko Mufindi ilikuwa na watoto wengi na mali chache, na hizo chache karibu zote zilikuwa na mwenyewe ambaye si mtoto. Redio ilikuwa ya baba. Asipokuwepo ilifunikwa kitambaa, na hakuna aliyeigusa hata saa ya taarifa ya habari ikifika. Baiskeli ilikuwa yake pia. Sufuria, vyungu, mahindi ya ghalani na kuku wote hadi vifaranga vilikuwa vya mama. Shati nililovaa lilikuwa la kaka yangu mwaka uliopita, na kila mtu alijua kwamba mwaka unaofuata litakuwa la mdogo wangu. Kitandani tulilala watatu. Kitu kimoja tu ambacho mtoto aliweza kusema ni chake bila watu kumcheka kilikuwa simbilisi.

Vijana wa mjini siku hizi wengi hawamjui. Ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye mwili mnene na miguu mifupi, na manyoya yenye mabaka meupe, meusi na ya kahawia. Nchi yake ya asili ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa huko walimfuga maelfu ya miaka kabla ya meli za Ulaya kufika pwani zao, na hadi leo nchini Peru nyama yake ni chakula cha sherehe. Hayo niliyasoma nikiwa mtu mzima. Utotoni nilidhani simbilisi walianzia jikoni kwetu, kwa sababu sikuwahi kuingia jikoni nikawakosa.

Jiko lilikuwa nyumba yake peke yake, ya udongo, yenye paa la nyasi lililokuwa jeusi kwa moshi wa miaka. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na ukutani palikuwa na uchaga wa kuni. Simbilisi waliishi chini ya uchaga huo. Mwezi wa Juni na Julai, ambapo kwetu umande huganda juu ya majani na watoto hutoka moshi mdomoni wakiongea, wanyama wale walisogea karibu na majivu hadi ukaogopa wataungua. Mama alipika huku wakipita miguuni pake. Maganda ya viazi yalipodondoka chini hayakufagiwa, kwa maana yalikuwa na wenyewe. Asubuhi mavi yao yalizolewa pamoja na masalia ya nyasi, yakapelekwa kwenye bustani ya mboga, na mboga ile ikarudi jikoni.

Kazi ya nyasi ilikuwa yetu. Ukitoka shule, kabla hujaambiwa kitu kingine chochote, unashika mundu unateremka bondeni. Nilijifunza nyasi ipi wanaigombania na ipi wanaiacha ikauke. Mtoto aliporudi na mzigo wake, simbilisi walimsikia kabla hajafika mlangoni, wakaanza kupiga mluzi wote kwa pamoja, mluzi mwembamba wa kupanda juu, hata mgeni aliyeketi sebuleni akauliza kuna nini huko nyuma. Hakuna mtu mwingine katika dunia aliyenishangilia hivyo kila siku. Nasema hili kwa moyo wangu wote: ni jambo kubwa kwa mtoto wa tano katika familia kusubiriwa na mtu, hata kama mtu huyo ni mnyama wa kushikwa kwa mkono mmoja.

Walikaa mchanganyiko, wa kwangu na wa ndugu zangu, chini ya uchaga ule mmoja, na hawakuwahi kuchanganywa. Kila mmoja alijua wake kwa mabaka. Wangu wa kwanza alikuwa jike mwenye baka jeusi kwenye jicho la kushoto, niliyepewa na bibi, mama yake mama, nilipoanza kuweza kubeba maji. Bibi hakunipa aniwekee mama. Alinipa mkononi, mbele ya wote, akasema huyu ni wako, na watakaozaliwa ni wako. Tangu hapo nikawa mtu mwenye kitu.

Simbilisi hubeba mimba miezi miwili na zaidi kidogo, muda mrefu kwa mnyama wa kimo kile, na ndiyo maana watoto wake huzaliwa wakiwa wamekamilika. Sungura huzaa vitoto vipofu visivyo na unyoya. Mtoto wa simbilisi hutoka akiwa na manyoya, macho yamefunguka, meno yapo, na siku hiyohiyo anakimbia nyuma ya mama yake. Kesho yake unamwona anatafuna ncha ya jani. Kwa kawaida walikuwa wawili au watatu, mara chache wanne. Asubuhi ya kuwakuta hao, wakavu tayari, wametulia chini ya tumbo la mama yao kana kwamba wamekuwepo siku zote, niliwahi darasani kuisimulia kabla ya kengele.

Kwa kuwa walikuwa mali, walikuwa na sheria, na sheria hizo sisi watoto tulizisimamia wenyewe kuliko wazazi walivyojua. Asiye na dume aliazima kwa mwenziwe, na malipo yalikuwa mtoto mmoja wa uzao wa kwanza, achague mwenye dume. Dume hakuachwa na dada zake, kwa sababu wakubwa walisema uzao wake utadhoofika. Kwa hiyo madume yalisafiri kutoka nyumba hadi nyumba, na sisi tukasafiri nayo tukiwa tumeyafunga kwenye kikapu. Ukipewa zawadi ya simbilisi huwezi kumwuza yeye, lakini watoto wake unaweza. Deni halikufutika kwa mnyama kufa. Nilikuwa na deni kwa binti wa jirani lililovuka likizo mbili, naye hakuniongelesha vizuri hadi nilipolipa. Ukoo wa simbilisi wa kitongoji kizima tuliujua kwa kichwa: huyu ni mjukuu wa yule wa kwa fundi cherehani, yule ametoka ng'ambo ya mto.

Na walikuwa kitoweo. Sitaki kulipamba hilo. Miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni, na nyama ya ng'ombe kijijini ilionekana mtu akioa au akifa. Simbilisi alikuwa nyama iliyo karibu. Lakini kwetu mzazi hakumchukua simbilisi wa mtoto kama anavyochukua kuku wake. Aliomba.

Mjomba alifika jioni moja ya masika, amelowa, na kibuyu chake cha ulanzi. Tulimwamkia, tukampa kigoda karibu na moto. Mama akanifuata nje nilikokuwa napanga kuni.

"Baba," aliniita hivyo, kama mama wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume, "mjomba wako amekuja na hatuna mboga ya maana. Nakuomba mmoja."

Nikamwuliza yupi. Akasema yule dume mkubwa mwekundu. Dume yule nilikuwa nimeahidi kumwazimisha kwa mtu, na mtoto wake wa malipo nilishamhesabu. Nikamwambia mama, "Huyo siwezi, mama. Ana kazi ya watu."

Aliniangalia kidogo. Nilijua angeweza kumchukua. Ni nani angemzuia? Akasema haya, akarudi ndani, akaweka maharage motoni. Mjomba alikula maharage. Alipoelezwa sababu aliweka tonge chini, akaniita nikae karibu naye, akaanza kuniuliza habari za dume lile kwa makini, limezaa na majike mangapi, nalilisha nini, nina mpango wa kufikisha wanyama wangapi. Nilimjibu kila swali. Sijui kama kuna siku nyingine utotoni mwangu ambapo mtu mzima alikaa kunisikiliza muda mrefu namna ile. Wiki ya pili yake mimi mwenyewe nilimpelekea mama jike mzee aliyeacha kuzaa, bila kuombwa.

Walikuwepo wanyama wengine pia. Shuleni tulikuwa na mabanda ya sungura, matunda ya Elimu ya Kujitegemea aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, iliyotaka shule iwe na shamba na mifugo yake. Sungura wale walikuwa wazuri, wakubwa, na tulifundishwa juu yao mambo ya kweli: kwamba jike hubeba mimba kama mwezi mmoja, kwamba siku chache kabla ya kuzaa hujinyofoa manyoya ya kifua ili atandike kiota. Tuliwahudumia kwa zamu. Lakini walikuwa wa shule, yaani wa wote, na mtoto akikuta mmoja amekufa alitoa taarifa kwa mwalimu wa zamu akaenda zake kucheza. Kwa jirani yetu palikuwa na njiwa katika kasha lililopandishwa juu ya nguzo. Hao niliwapenda kwa mbali. Dume na jike hupokezana kulalia mayai yao mawili kwa siku kumi na nane hivi, na wote wawili huwalisha makinda kwa maziwa mazito yanayotoka kwenye gole. Wazee walituambia njiwa huhama nyumba yenye ugomvi, na mke wa jirani alipoanza kupaza sauti mumewe alitazama juu kwenye kasha kabla ya kumjibu.

Usiku wa siafu ndio uliotuonyesha uzito wa kumiliki kitu chenye uhai. Walikuja baada ya mvua, kimya, msururu mweusi uliopita chini ya mlango wa jiko. Aliyesikia kwanza alikuwa dada yangu, kwa sababu simbilisi walikuwa wanalia sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Tulitoka kitandani wote. Baba alimwaga makaa kwenye njia ya siafu, mama akarusha majivu, nasi watoto tukaingia pekupeku tukiokota wanyama gizani, tukiwabandua siafu waliong'ata midomo na macho yao, nao siafu wakitung'ata sisi. Hakuna aliyetutuma. Asubuhi tulihesabu waliobaki. Yule jike mwenye baka jeusi alikuwa amekufa pamoja na watoto wake wachanga. Bibi alipopata habari alitembea kutoka kijiji cha pili kuja kunipa pole, mimi, sio wazazi wangu. Alikaa nami nyuma ya jiko kama anavyokaa na mtu mzima aliyefiwa na ng'ombe.

Leo naishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, na watoto wangu wana vitu ambavyo sikuota. Kila mmoja ana kitanda. Kila mmoja ana nguo zilizonunuliwa kwa kipimo chake. Mdogo alitaka mnyama, na mkataba wa pango unakataza mbwa na paka. Basi tukamleta hamsta wa dhahabu, mnyama mdogo wa jamii ya panya, kutoka duka la wanyama, na kizimba cha plastiki chenye gurudumu la kukimbilia.

Nimemsoma hamsta kwa bidii, kwa kuwa nataka kumjua kila mnyama aliye chini ya paa langu. Ana historia ya ajabu. Mwaka 1930 mtaalamu wa wanyama aitwaye Israel Aharoni, kutoka Jerusalem, alikwenda Aleppo nchini Syria, na shamba la ngano likachimbwa hadi likafikiwa shimo la jike mmoja na watoto wake. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa majumbani duniani ni wajukuu wa uzao ule mmoja. Shambani kwenyewe, huko Syria na kusini mwa Uturuki, wamebaki wachache. Nilimwonyesha mwanangu Aleppo kwenye ramani. Alisikiliza vizuri, halafu akauliza: ndugu zake wako wapi? Sikuwa na jirani wa kumwonyesha, wala mto wa kusema wako ng'ambo yake.

Hamsta hana ndugu wa kuishi naye. Akishakomaa ni lazima akae peke yake, kwa sababu wawili katika kizimba kimoja hupigana hadi kuuana. Hana mluzi wa kumpokea mtu. Mchana hulala, huamka usiku mtoto akiwa amelala, na mimi ndiye ninayelisikia lile gurudumu saa sita za usiku likizunguka. Mwezi wa Januari na Februari, joto la Dar es Salaam likipita nyuzi 30, hulala amejinyoosha chini akihema, nasi tunahamisha kizimba kutafuta upepo. Mwili wake haukuumbwa kwa joto la pwani. Anaishi miaka miwili, akibahatika mitatu. Simbilisi akitunzwa hufika mitano na zaidi.

Simlaumu mnyama. Ni safi, ana macho mazuri, na nimemwona mwanangu akishika pumzi anapotazama anavyojaza punje kwenye mashavu yake. Kinachonihuzunisha ni kwamba sioni pa kumfanya awe mali ya mtoto. Chakula chake kinanunuliwa na mimi kwenye mfuko. Dada wa kazi ndiye anayemwekea, kwa kuwa mtoto anatoka na basi la shule saa kumi na moja alfajiri na kurudi jua linazama, akiwa na kazi za nyumbani za kumaliza. Hazaliani, kwa hiyo hapatikani wa kumpa rafiki wala wa kulipia deni. Hakuna mjomba atakayekaa kuuliza mpango wake ni upi. Na mnyama wa namna hiyo akifa, neno lililo jepesi mdomoni mwa wazazi wengi wa mjini ni kwamba tutanunua mwingine, tena wanalisema upesi, kabla mtoto hajapata nafasi ya kulia.

Jirani yangu wa chini, bibi mmoja wa Kipemba ambaye watoto wote wa jengo humwamkia na kukaa kwake, alinisikia nikiyasema haya ngazini. Akanikumbusha habari iliyo katika hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.). Katika nyumba ya Umm Sulaym, huko Madina, palikuwa na mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik, aliyeitwa Abu Umair, na alikuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea. Ndege akafa. Mtume alipoingia akamwona mtoto amenyong'onyea, na akamwuliza yeye mwenyewe habari za ndege wake. "Unaona, mwanangu," bibi akaniambia, "hakupita akenda kwa wakubwa." Nami niliona. Mtu aliyekuwa na mambo ya umma mzima mabegani alisimama kwa mtoto mmoja kwa ajili ya ndege mmoja. Bibi yangu wa Mufindi, Mkristo ambaye hakuijua habari ile, alitembea kutoka kijiji cha pili kufanya hilohilo.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Jiko la udongo halipo. Kaka amejenga jiko la ndani, lenye sakafu ya vigae na mtungi wa gesi, na shemeji yangu hapofuki tena kwa moshi. Kwa hilo namshukuru Mungu, maana mama alikohoa maisha yake yote. Lakini gesi haina majivu ya kuota, wala vigae havina uchaga, na simbilisi wamekwenda na moshi. Wachache wanaofugwa kijijini wapo kwenye mabanda ya mbao nyuma ya nyumba, mali ya watu wazima, kwa ajili ya kuuza. Watoto wa kaka wako bweni tangu darasa la kwanza. Bondeni nyasi ni ndefu, na hakuna njia ya miguu midogo. Lakini huko Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, bado familia nyingi zinawafuga jikoni; vita vimewafundisha kwamba mbuzi huonekana na kuporwa, lakini simbilisi hubebwa katika kikapu mtu anapokimbia, na wanaokabidhiwa mara nyingi ni akina mama na watoto.

Nawaandikia hasa ninyi mlio na uwanja, hata wa hatua chache, huko Kimara, Chanika, Kibaha, Mbeya, Morogoro. Mpe mtoto wako jozi ya simbilisi. Banda liwe na kivuli na sakafu kavu, paka asifike. Usiwape pumba peke yake: mwili wa simbilisi, sawa na wa binadamu, hauwezi kutengeneza vitamini C, kwa hiyo bila majani mabichi kila siku ataugua. Majani hayo ayalete mtoto mwenyewe, na kama shule haimwachii nusu saa ya kufanya hivyo, zungumza na shule. Watakaozaliwa wawe wake, awauze, awagawe, awakopeshe, nawe usiingilie hesabu yake. Mmoja akifa, kaa naye umpe pole kabla ya kutaja mwingine. Na siku mgeni akija nawe huna kitoweo, mwombe mwenye mali. Akikataa, pika maharage.